Ulilala Wapi Wiki Mbili Zilizopita? Safari ya Kuifuata Malaria kutoka Kisiwani Mombasa hadi Vanga

Jumatatu: Kisiwani

Wiki ya tatu ya Juni niliichagua kwa makusudi. Mvua za masika hapa Mombasa hufikia kilele mwezi wa Mei, na mtu anayetaka kuona mbu wengi atafanya vyema kuja wakati huo. Lakini anayetaka kuona malaria hana budi kusubiri. Maji yakishatuama, yai la mbu huchukua siku 7 hadi 14 mpaka mbu kamili aruke. Mbu jike huyo akimuuma mtu mwenye vimelea, vimelea navyo huhitaji siku 10 hadi 14 nyingine mwilini mwake, katika joto la Pwani, kabla ya kufika kwenye tezi za mate. Akimuuma mtu wa pili, huyo naye kwa kawaida hushikwa na homa baada ya siku 10 hadi 15. Ukikumbuka pia kwamba kizazi kimoja cha mbu hakitoshi kuambukiza kijiji, utaelewa kwa nini foleni za zahanati hurefuka mwezi mmoja hadi miwili baada ya mvua kubwa, wakati ambapo matope yameshakauka na watu wameshaanza tena kubarizi nje hadi usiku wa manane.

Mwenzangu wa safari ni Bwana Afya mstaafu, mzaliwa wa Kisauni, aliyemaliza ujana wake akipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, visima na mapipa. Amebeba tochi, daftari, na upawa mweupe wenye mpini mrefu. Mimi kazi yangu ni kuandika, na amenionya mapema kwamba nisije nikaandika neno "mbu" bila kusema ni mbu gani.

Tumeanzia Mji wa Kale, katika vichochoro vya karibu na Ngome ya Yesu, kwa sababu nilitaka kwanza kujua ni vipi kisiwa chenye mbu wengi namna hii hakina malaria kwa kiasi hicho hicho. Maji ya mfereji hayaji kila siku. Watu huyanunua kwa mitungi inayoletwa na mikokoteni na kuyaweka katika mapipa na matangi, huku maji machafu yakituama katika makaro, mashimo ya vyoo na mitaro iliyozibwa na taka. Mbu wa kuleksi, ambaye ndiye hasa anayetukosesha usingizi mjini, huzaliana katika maji hayo machafu. Aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, hutaka maji safi ya pipa, naye huuma mchana. Anofelesi, ambaye ndiye pekee awezaye kumwambukiza binadamu malaria, kwa desturi hutafuta maji yasiyo machafu sana, yaliyotuama ardhini na kupigwa na jua, na ardhi ya wazi kisiwani ni haba.

Katika ua wa nyumba moja, mwenye nyumba alimwona Bwana Afya na upawa wake akamwita. "Njoo unitazamie pipa langu, maana tangu juzi naona vitu vinacheza ndani." Mzee alichota, akauinamisha upawa kwenye mwanga, na tukawaona viluwiluwi wakining'inia vichwa chini, mikia imegusa uso wa maji, kila mmoja akijikunja na kuzama kivuli kilipompitia. Alinieleza kwamba kiluwiluwi wa anofelesi hana mrija wa kupumulia, kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti. Anayening'inia kwa mshazari ni wa jamii nyingine.

"Hawa si wa malaria, Bi Mkubwa," alimwambia. "Hawa ni aedesi, wa homa ya dengi. Mwaga maji, usugue kuta za pipa kwa brashi, kisha ufunike vizuri. Kumwaga peke yake hakutoshi, mayai yake yamegandama ukutani na yanaweza kukaa makavu kwa miezi."

"Ndiyo maana mjukuu wangu alichemka siku nne, akapimwa malaria mara mbili, akaambiwa hana?"

Bwana Afya hakutaka kumtibu mtoto ambaye hakumwona, akajibu tu kwamba inawezekana. Mombasa imepata milipuko ya dengi zaidi ya mara moja tangu 2013, na chikungunya iliingia hapa mwaka 2004 ikarudi tena mwishoni mwa 2017. Homa zote hizo huanza kwa namna moja na malaria: mwili moto, kichwa kugonga, viungo kuuma. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaka, tangu 2010, kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Jioni, hata hivyo, tulisimama kwenye duka la dawa ambapo kijana mmoja alisema "nipe mseto" akapewa mseto, dawa ya malaria, bila swali hata moja. Pengine alikuwa na malaria kweli. Kama alikuwa na dengi, basi amelipia vidonge visivyomsaidia, na kwa siku tatu atakazovimeza hatakwenda kumwona daktari.

Jumanne: Kisauni hadi Mwakirunge

Ukivuka daraja la Nyali na kuipita Kongowea, mji hauishi kwa ghafla. Hupungua nyumba kwa nyumba, hadi Mwakirunge ambako bado uko katika kaunti ya Mombasa, lakini kuna mihogo, minazi, ng'ombe na visima vya wazi. Wanaoandika habari za malaria hupenda kuweka mji upande mmoja na mashamba upande mwingine, na mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo. Hapa mpaka huo haupo.

Asubuhi nzima upawa haukupumzika. Tulichota kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe, kwenye alama za magurudumu ya malori, kwenye mashimo ya msingi wa nyumba ambayo ujenzi wake umesimama, na kwenye bustani za mchicha zinazomwagiliwa kutoka vijisima vifupi. Mwili wa maji uliomfurahisha Bwana Afya kuliko yote, kama kufurahi ni neno linalofaa, ulikuwa bwawa la kuogelea la nyumba ya kifahari iliyohamwa, lenye maji ya mvua yaliyofika magotini na majani machache yaliyoelea. Bawabu alituruhusu kuingia kwa shingo upande. Upawa ulipoinuliwa, viluwiluwi walikuwa wamelala juu ya maji kama vijiti. Alichota tena, na tena, na kila mara walikuwamo.

"Unaona, mwanangu? Mtu anaweza kuishi kwenye nyumba ya ghorofa, yenye lami mpaka mlangoni, na jirani yake akamfugia malaria ndani ya marumaru." Baadaye alinieleza kwamba mambo ya aina hiyo yalionekana zamani Malindi, ambako watafiti walikuta mabwawa ya kuogelea yaliyotelekezwa yakiwa miongoni mwa mazalio makubwa ya anofelesi mjini.

Alasiri tuliteremka hadi ukingo wa mkono wa bahari wa Mtwapa. Nyuma ya mikoko kuna vidimbwi vinavyoachwa na maji ya bamvua, yaani maji makubwa yajayo mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ambavyo mvua ikinyesha hupungua chumvi. Mbu wengi hawawezi kuzaliana humo, lakini kuna anofelesi mmoja wa Pwani, anayeitwa kitaalamu Anopheles merus, ambaye huyastahimili maji hayo. Kwa hiyo watu wa ukingoni hapa wana kalenda mbili za mbu: ile ya mvua, ambayo kila mtu anaijua, na ile ya mwezi, ambayo wavuvi wanaijua zaidi kuliko wauguzi. Nilimwuliza mvuvi aliyekuwa akishona wavu kama mbu huongezeka baada ya bamvua. Alinitazama kama niliyeuliza kama samaki huogelea.

Usiku, juu ya sahani za viazi vya karai, Bwana Afya alizungumzia kinachomtia wasiwasi kuliko bwawa lile. Kuna anofelesi mwingine, Anopheles stephensi, mwenyeji wa Bara Hindi na Bara Arabu, ambaye mwaka 2012 alionekana Djibouti kwa mara ya kwanza katika Afrika na mwishoni mwa 2022 akapatikana Kenya, katika kaunti ya Marsabit. Huyu hahitaji shamba wala kidimbwi. Hutaga katika matangi na mapipa, yaani katika kila ua wa Mombasa, na kwa kuwa matangi hayakauki kiangazi, hana haja ya kungoja masika. Mji ambao umekuwa ukikingwa na uhaba wa ardhi ya wazi utakuwa hauna kinga hiyo tena akifika. Mombasa ni bandari, alisema, na hakuongeza zaidi ya hapo.

Jumatano: Likoni hadi Msambweni

Feri ya asubuhi mapema huja kisiwani imefurika na kurudi Likoni ikiwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Maelfu ya wanaovuka kila siku hulala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine, na mbu wa malaria huuma usiku. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mkazi wa kusini kwa damu yake na mkazi wa mjini kwa kadi yake ya hospitali. Kutoka Likoni tulipanda matatu, tukapita Tiwi na Ukunda, na baada ya hapo mabonde ya mpunga yalianza kuonekana kati ya minazi, yakiwa bado yanang'aa maji.

Zahanati tuliyoikusudia iko nje kidogo ya Msambweni. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake wajawazito kadhaa, watoto wenye vipaji vya nyuso vya moto, na mwanamume mmoja aliyejifunika leso ya mama yake mabegani ijapokuwa jua lilikuwa kali. Yeye ni mpakuzi wa mizigo, anaishi Changamwe. Muuguzi alimchoma kidole, akaivuta tone la damu kwa kijiti chembamba, akalitia kwenye kitundu cha kipimo, akadondosha matone ya dawa kwenye kitundu cha pili, akaandika saa ukingoni kwa kalamu. Dakika 15 zinapongojewa, hakuna anayezungumza sana. Mstari wa kwanza ulijitokeza, ambao huonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Kisha wa pili, mwekundu, mnene.

"Ulilala wapi wiki mbili zilizopita, kaka yangu?"

"Hapa hapa. Ami yangu alifariki, tukawa matangani. Nililala uwanjani na wanaume wenzangu, kisha nikarudi kazini. Homa imenishika nikiwa Changamwe, nikaona bora nije nyumbani kwa mama."

Kama angepimwa Changamwe, angehesabiwa kuwa mgonjwa wa malaria wa Changamwe, na pengine mtaa wake ungepigwa dawa ya mbu. Muuguzi alimhesabia vidonge 24 vya mseto: vinne hapo hapo, vinne baada ya muda wa saa nane, kisha vinne asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mama yake alimpa maziwa kwenye kikombe cha bati ameze navyo, na muuguzi akamsifu, kwa kuwa dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikiandamana na mafuta.

Mwana wa ami yake, aliyelala naye mkeka mmoja usiku ule wa matanga, alikuwa amemsindikiza akiwa mzima kabisa. Kwa mzaha akatoa kidole chake, "nami nipime basi." Muuguzi alimpima. Mstari wa pili ulitokea, mwembamba lakini haukuwa na shaka. Kipimo hiki huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa, kwa hiyo alimwuliza kama amemeza mseto karibuni. Akasema hajameza dawa yoyote mwaka huu wala hajaumwa.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wa mjini tunaliona gumu kulikubali. Mtu aliyekulia mahali penye malaria, akaugua mara nyingi utotoni na akanusurika, mwili wake hujifunza kuvivumilia vimelea bila kuangushwa navyo. Havimwishi, hukaa navyo. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na vidimbwi vimekauka, mbu hupungua sana, lakini malaria haiendi popote. Imo ndani ya damu ya watu wazima wenye afya njema, ikingoja mbu wa masika. Kinga hiyo hulegea mtu akihama, na mtoto aliyezaliwa mjini hana kabisa. Wazazi wa Mombasa humpeleka mtoto kwa nyanya yake wakati wa likizo ya Agosti na kushangaa akiugua yeye, ilhali watoto wa kijijini aliocheza nao wanaendelea kukimbia.

Wajawazito nao ni habari tofauti. Vimelea vya Plasmodium falciparum, ambavyo ndivyo vilivyo vingi hapa, hujificha katika kondo la nyuma, na hata mwanamke mwenye kinga ya miaka mingi huwa hatarini, hasa mimba ikiwa ya kwanza. Kwa hiyo katika kaunti za Pwani na za kando ya Ziwa Victoria hupewa dawa ya SP ya kuzuia malaria kliniki, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, waumwe wasiumwe. Muuguzi husimama mbele yao mpaka wameze. Mmoja alijaribu kuvitia kwenye mkoba kwa ajili ya baadaye na akarudishwa kwa upole: "Dada, hapa hapa, maji haya."

Alhamisi: Lunga Lunga na Vanga

Nilikuwa nimeshazoea kufikiri kwamba mvua ya mahali ndiyo malaria ya mahali. Vanga imenivunjia kanuni hiyo. Mto Umba, unaomwaga maji baharini hapa, unatoka milima ya Usambara nchini Tanzania, na mvua ikinyesha huko, tambarare za Vanga huweza kufurika wakati anga ya hapa ni ya buluu. Mafuriko yakishuka huacha maji katika mashamba ya mpunga, kwenye mikondo ya zamani ya mto na kwenye vichaka vya matete. Katika maji ya namna hiyo, yanayodumu na yenye majani, huzaliana Anopheles funestus, ambaye hapendi vidimbwi vya siku chache na kwa hiyo huendelea kuambukiza hata masika yakishapita. Ukimwongeza na wale wa vidimbwi vya mvua, utaona kwamba msimu wa Vanga ni kama watu wawili wanaopokezana zamu.

Nyumba nyingi pembezoni mwa mji zina kuta za udongo na paa la makuti, na kati ya ukuta na paa kumeachwa upenyo wa kupitisha upepo. Bila upenyo huo hakuna anayeweza kulala. Na kwa upenyo huo huo ndipo anofelesi anapoingilia. Mwenye nyumba mmoja, bibi wa makamo, alituonyesha chandarua chake kilichofungwa fundo juu ya kitanda, safi, kimeshonwa mahali palipochanika. Kando ya nyumba kulikuwa na chandarua kingine kimezungushiwa kitalu cha miche ya pilipili. Nilikuwa tayari kuandika malalamiko ya kawaida, lakini Bwana Afya alikishika, akakipitisha vidole, akaniambia ni kizee, kimeshapoteza dawa na kina matundu ya kupitisha ngumi. Kama anacho kipya kitandani, acha pilipili zake zikue. Nadhani tumewakaripia watu wa vijijini kuhusu vyandarua vya kuku na bustani kuliko ilivyostahili, na tukasema kidogo sana kuhusu mbu waliozoea dawa ya pairethroidi inayotiwa vyandaruani.

Wavuvi ni tatizo ambalo chandarua hakilitatui kwa urahisi. Wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali na nyumbani, hulala ufukweni au chini ya tanga kwa wiki nyingi, na hata waliopo nyumbani huamka kufuata maji saa ambazo anofelesi anauma. Tulizungumza na nahodha mmoja akitengeneza mashua yake.

"Chandarua nikifunge wapi, mjomba? Kwenye mlingoti?"

Ni yeye aliyetukumbusha vidonge vya ivamektini. Kwale ndiko ulikofanywa utafiti mkubwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2025: watu walipewa ivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, tangu mwanzo wa vuli, ili mbu atakayewauma afe. Dawa yenyewe ni ya siku nyingi, ikitumika kutibu matende na upofu wa mtoni. Miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15, maambukizi mapya ya malaria yalipungua kwa asilimia 26 kulinganisha na waliopewa dawa nyingine ya minyoo, na hayo yalikuwa juu ya kinga ya vyandarua. Asilimia 26 si muujiza. Lakini ni dawa inayomfuata mvuvi mpaka dagoni, kwa sababu imo ndani ya damu yake, na imepangwa kwa msimu: itolewe mbu wanapoanza kuongezeka, si watu wanapoanza kuugua. Nahodha alikuwa na hoja nyepesi zaidi ya kuiunga mkono. Kunguni, alisema, walikufa nyumba nzima.

Ijumaa: Kinango

Baada ya sala ya Ijumaa mjini Kwale tulivuka mgongo wa Shimba Hills na kuteremkia Kinango, na kijani kikabaki nyuma. Hapa mvua ni chache, ng'ombe ni wengi kuliko minazi, na watu hutegemea malambo. Malaria ipo, lakini ni ya vipindi: hutulia, kisha mvua nzuri ikijaza malambo na kwato za ng'ombe zikichimba vishimo ukingoni, huja kwa mkupuo na kuwapata watoto wasio na kinga ya wenzao wa Vanga. Katika lambo tulilolipima, katikati palikuwa safi. Viluwiluwi walikuwa katika alama za kwato, kila alama na maji yake ya kikombe kimoja. Hatukukaa sana.

Jumamosi: Mariakani hadi Jomvu

Kutoka Kinango tulitokea Mariakani, tukawa katika kaunti ya Kilifi na kwenye barabara kuu iendayo Nairobi. Kilifi imetoa sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu malaria ya Afrika Mashariki. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza huko mwaka 1989, na kati ya 1993 na 1995 majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja. Baadaye Kilifi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizojaribu chanjo ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023; chanjo iliyoitangulia ilikuwa imeanza kutolewa magharibi mwa Kenya Septemba 2019. Akina mama wa Msambweni waliniuliza chanjo itafika kwao lini, nami sikuwa na tarehe ya kuwapa.

Barabara hii ina malaria ya aina yake. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2020, asilimia 6 ya watoto wa Kenya wa umri wa miezi 6 hadi miaka 14 walikutwa na vimelea. Kandokando ya Ziwa Victoria ilikuwa asilimia 19. Malori yanayopita hapa hutoka Malaba na Busia, kule magharibi mpakani na Uganda, na matingo wake hulala chini ya trela. Katika zahanati moja ya Jomvu tulimkuta utingo wa namna hiyo amejilaza kwenye benchi, ametetemeka hadi meno yanagongana, kipimo chake kimeshatoa mistari miwili.

"Daktari, fanya haraka, lori linaondoka saa kumi."

"Lori litakungoja, kijana. Ulilala wapi wiki mbili zilizopita?"

Alikuwa Busia, kwa wazazi wake. Wala masika ya Mombasa, wala bwawa la Kisauni, wala mto Umba havikuhusika naye. Daktari alimpa dozi ya kwanza, akakaa naye nusu saa ahakikishe haitapiki, akaandika saa za dozi zilizobaki juu ya paketi kwa wino, kwa kuwa saa nane baadaye kijana angekuwa amepita Voi. Kisha akamwita dereva wake, aliyekuwa akipiga honi nje, akampima pia; huyo hakuwa nayo, akaambiwa arudi kituo chochote akipata joto la mwili kabla mwezi haujaisha.

Daktari huyo amechora kwa penseli, kwenye daftari lake la wagonjwa, safu ambayo haimo katika fomu: alikolala. Alituachia tuisome. Likoni, Ukunda, Busia, "hapa", Ganze, "hapa", "hapa", Lunga Lunga. Zile "hapa" ndizo Bwana Afya alizoziwekea alama, akauliza kama zinatoka mtaa mmoja. Zilitoka nyumba zilizo karibu na shimo moja la ujenzi nyuma ya kituo cha mafuta, na tukakubaliana kwamba Jumatatu ataipeleka habari hiyo kwa ofisi ya afya ya umma, na upawa wake. Kuhusu zile nyingine, daktari alisema hakuna pa kuzipeleka: ripoti ya mwezi humhesabu mgonjwa mahali alipopimwa, na fomu haiulizi zaidi. Kwa sasa huwapigia simu wenzake wa Kwale anapoona majina ya kijiji kimoja yakijirudia, na hulipia muda wa maongezi mwenyewe.